Forest, Ilazo au Mbezi Beach: usalama wa mtaa unapimwaje kabla ya kuhamia?

Mwalimu wa Forest Mpya (Mbeya)

Habari zenu, ndugu wa Nyanda za Juu Kusini, pamoja nanyi mliotoka huku mkaenda kutafuta maisha katika miji mingine. Ninaomba mnisaidie kupima jambo moja ambalo linawahusu watoto wangu kuliko linavyonihusu mimi mwenyewe.

Tumeishi Forest Mpya, jijini Mbeya, kwa miaka kumi na mmoja. Mume wangu amepata uhamisho wa kikazi na ameruhusiwa kuchagua kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Kodi tutakayolipiwa inatosha kupanga Ilazo au Kisasa kule Dodoma, na Mbezi Beach au Mikocheni kule Dar es Salaam. Masaki haifikiki kwa kiasi hicho, wala hatuitamani. Tuna mabinti wawili, mmoja yuko kidato cha pili na mwingine darasa la sita, ambao kwa sasa hupanda bajaji kutoka shuleni, hushuka barabarani na kutembea kwa miguu hadi nyumbani saa 12 jioni, nami huwa jikoni bila roho kuwa mkononi.

Kila ninayemwomba ushauri hunijibu kwa jina la mji. Mmoja ananiambia kwamba Dar es Salaam kuna panya road, yale makundi ya vijana waporaji, mwingine ananiambia kwamba Dodoma ni mji wa serikali na hivyo hakuna mwizi anayethubutu, na wa tatu anaapa kwamba hakuna mahali salama kama nyumbani. Hilo la tatu nililiamini mpaka mwezi Machi mwaka huu. Wezi waliingia kwa jirani yetu kupitia dirisha la jikoni lenye vioo vya luva. Walivichomoa kimoja kimoja, vioo tisa, wakavipanga juu ya majani kama mtu anayepanga sahani zilizooshwa, na hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Mbwa hakubweka. Walichukua televisheni, kompyuta mpakato na mtungi wa gesi, kisha wakaurudishia mlango wa nyuma walipotoka. Asubuhi nilisimama pale nikavitazama vile vioo vikiwa na umande, na kilichoniumiza zaidi kuliko wizi wenyewe ni kuona kwamba watu wale hawakuwa na haraka hata kidogo. Tangu siku hiyo sijui kama hiki ninachokiita usalama wa Forest ni usalama kweli au ni mazoea tu.

Swali langu ni hili: je, kuna njia ya kulinganisha mitaa hii kwa haki, mtaa kwa mtaa, badala ya mji kwa mji? Katika miji mikubwa ya nchi nyingine watu hufanyaje? Na yule anayekwenda kutazama nyumba aangalie nini hasa, zaidi ya ukuta na geti?

Mzee wa Gangilonga (Iringa)

Kamwene, Mwalimu. Kabla ya kustaafu nilishughulika na takwimu katika halmashauri kwa miaka mingi, hivyo nitaanza na hesabu, kisha nitakueleza kwa nini hesabu hiyo haitakufikisha mbali.

Hapa nchini Jeshi la Polisi hushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kutoa taarifa ya hali ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani, nayo hupangwa kwa mikoa ya kipolisi. Dar es Salaam ni Kanda Maalum yenye mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Sasa tazama: Masaki, Oysterbay na Mikocheni ziko Kinondoni, na Tandale na Mwananyamala ziko Kinondoni hiyo hiyo. Ukipewa idadi ya nyumba zilizovunjwa Kinondoni, umepewa uji uliokwisha pikwa, na hakuna anayeweza kuutenga tena unga wa ulezi na unga wa mahindi. Kwa hiyo anayekuambia kwa nambari kwamba Mikocheni ni salama kuliko Forest, au kinyume chake, anasema asichoweza kukithibitisha.

Zipo nchi ambazo zimefika mbali zaidi. Uingereza tangu mwaka 2011 ina ramani ya polisi katika intaneti ambayo humwezesha mkazi kuona matukio yaliyoripotiwa karibu na barabara anayoishi. Jiji la Chicago limeweka wazi kumbukumbu za matukio yake tangu mwaka 2001, na mtu anaweza kuyatazama kwa eneo la nyumba chache tu. Afrika Kusini hutoa takwimu zake kituo kwa kituo cha polisi, kila robo ya mwaka. Hata hivyo, hata huko mtu asiyetafakari hupotea. Chukua lile eneo dogo la kati la London linaloitwa City of London, ambalo sensa ya mwaka 2021 ilikuta lina wakazi wapatao 8,600 tu, ilhali mamia ya maelfu ya watu huingia humo kufanya kazi kila siku. Ukigawa wizi wote wa mahali hapo kwa wakazi wake, utapata nambari ya kutisha ambayo haina uhusiano wowote na anayelala pale. Vivyo hivyo Westminster, wanakokwenda watalii na wapenda burudani. Kwetu sisi mfano wake ni Mwanjelwa na Kabwe, jijini Mbeya: simu na mikoba inayoporwa pale si ya wakazi wa pale peke yao, bali ni ya watu waliotoka Chunya, Mbarali, Rungwe na Tunduma kuja kununua bidhaa.

Jambo la pili ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam na 541,603 katika Jiji la Mbeya, yaani wenzetu ni karibu mara kumi ya Mbeya. Maana yake ni kwamba ukisikia Dar es Salaam imekuwa na matukio mara tano ya yale ya Mbeya, usishtuke, kwa sababu kwa kila mkazi mmoja hatari hiyo ni nusu ya ile ya Mbeya. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Ninaonyesha tu namna habari za kila siku zinavyotudanganya, kwa kuwa mji mkubwa una tukio la kutangazwa kila asubuhi.

Jambo la tatu ni mipaka. Njombe ilitolewa Iringa mwaka 2012, na Songwe ilitolewa Mbeya mwaka 2016, ikaenda na Tunduma pamoja na mpaka wake wenye pilikapilika. Ukiona uhalifu wa Mkoa wa Mbeya umeshuka baada ya mwaka huo, jiulize kwanza kama walioondoka ni wezi au ni wilaya.

La nne ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Takwimu za polisi huhesabu kilichoripotiwa, si kilichotokea. Mwenye bima ya gari ataripoti, kwa sababu bila RB, ile namba ya taarifa inayotolewa na kituo cha polisi, halipwi. Mama anayeuza ndizi akiporwa shilingi 15,000 atamlilia mwenyekiti wa mtaa, au atanyamaza, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi kituoni itakula sehemu ya kile alichobakiza. Mtaa wa watu wenye uwezo unaweza kuonekana na wizi mwingi kwa sababu tu watu wake huandikisha kila kitu.

Ndiyo maana wanaolinganisha miji ya dunia hupenda kutumia mauaji, kwa kuwa maiti haifichiki kirahisi. Afrika Kusini, katika mwaka ulioishia Machi 2023, iliandikisha mauaji 27,494, ambayo ni takriban 45 kwa kila watu 100,000. Lakini hata mauaji hayo hayakutawanyika sawasawa nchini, kwa kuwa sehemu kubwa hutokea katika maeneo ya vituo vichache, na anayeishi ndani ya kuta za Sandton huogopa zaidi kuvamiwa nyumbani au kunyang'anywa gari getini. Nambari ya mauaji, pamoja na uthabiti wake, haikuambii lolote kuhusu binti anayetoka shule saa 12 jioni.

Niongeze moja kuhusu sifa ya mji. New York mwaka 1990 ilikuwa na mauaji zaidi ya 2,200 kwa mwaka mmoja, na kufikia mwaka 2017 yalikuwa chini ya 300, lakini wapo wanaoizungumzia hadi leo kana kwamba mwaka 1990 haujakwisha. Nasi tunaifahamu hali hiyo. Wapo wageni ambao hadi sasa wakisikia Mbeya wanauliza habari za wapiga nondo, wale waporaji waliowapiga watu kwa vyuma.

Mnyalukolo wa Mbezi Beach (Dar es Salaam)

Shikamoo, mzee. Dada Mwalimu, pole kwa lililomkuta jirani yako. Mimi nilihama Wilolesi, Iringa, mwaka 2014, nikapanga Mbezi Beach upande wa baharini, na ninaishi hapo mpaka leo. Nitasema niliyoyaona kwa macho.

Panya road si hadithi. Jioni ya tarehe 2 Januari 2015 zilivuma habari kwamba kundi la vijana limeingia mitaani, na watu katika sehemu nyingi za jiji walikimbia, maduka yakafungwa, magari yakaachwa. Mtaani kwetu hakuja mtu yeyote, lakini tulizima taa tukakaa gizani na watoto hadi saa 5 usiku. Mwaka 2022 makundi hayo yalirudi tena katika baadhi ya maeneo, watu wakajeruhiwa na wengine wakapoteza maisha. Kwa hiyo usikubali anayekuambia kwamba ni uvumi mtupu, ila elewa pia kwamba katika miaka yangu yote hapa si jambo la kila wiki wala la kila mtaa.

Linalonisumbua mimi kila siku ni jingine kabisa, nalo ni kuta. Kutoka kituo cha daladala katika Barabara ya Bagamoyo hadi getini kwangu ni mwendo wa kama dakika nane. Dakika mbili za kwanza ninapita kwenye genge la matunda, duka la vinywaji, kijiwe cha bodaboda na mama wa chipsi. Dakika sita zinazobaki ninatembea kati ya kuta mbili ndefu, kila moja ikiwa na urefu wa kumpita mtu na nyaya za umeme juu yake, bila dirisha hata moja linalotazama barabarani. Nikipiga kelele pale, atakayenisikia atakuwa mlinzi aliye ndani ya geti lililofungwa, naye ameagizwa asilifungue usiku. Mke wangu aliporwa mkoba katika kipande hicho hicho saa 2 usiku na watu wawili waliokuwa kwenye pikipiki. Nyumba zote zilizomzunguka zilikuwa salama kabisa, naye peke yake ndiye hakuwa salama. Wanaoishi Masaki na Oysterbay watakueleza habari inayofanana na hiyo, kwamba nyumba haivunjwi, bali unaporwa ukiwa unatembea kwa miguu, na mara nyingine mnyang'anyi yumo ndani ya gari linalopita.

Tumekuwa na tabia ya kuamini kwamba mlinzi wa kampuni ndiye jibu. Kampuni moja niliyoingia nayo mkataba ilinibadilishia walinzi watano ndani ya mwaka mmoja. Wa nne, kijana mstaarabu kutoka Makete, nilimkuta alfajiri moja akitetemeka kwa malaria ndani ya kibanda, na alipopata nafuu aliniambia kwamba hajalipwa kwa miezi miwili, kwamba huingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, na kwamba simu yake haina hata salio la kumpigia msimamizi wake. Mimi nilikuwa nikilipa kampuni kila tarehe 1 bila kukosa. Niliondoka pale nikijiuliza ni ulinzi gani huo niliokuwa nikiununua, ikiwa mtu anayeulinda usingizi wa watoto wangu hana uhakika wa chakula cha watoto wake. Siku hizi nimeajiri mwenyewe, ninamlipa mkononi, naye anawajua watu wote wa mtaa kwa majina.

Kwa mabinti zako, dada, Mbezi Beach inawezekana, lakini kwa sharti moja: nyumba iwe karibu na barabara yenye watu, hata kama ni ndogo na ina kelele. Ile kubwa iliyo ndani kabisa, yenye bustani na utulivu, waachie wenye gari la kumfuata kila mtoto.

Mama wa Ilemi (Mbeya)

Mwalimu, nimesoma kwa makini, na naomba usinielewe vibaya kwa nitakayosema. Mnazungumzia mitaa inayotamaniwa kana kwamba usalama wake hauna anayeulipia. Dada anayekufulia nguo Forest, mlinzi wa geti na kijana wa bustani wanalala wapi? Wanalala kwetu Ilemi, na wengine katika mitaa ya Ghana, Mabatini na Isanga, na wanarudi kwa miguu usiku baada ya ninyi kufunga milango. Anayetoka saa 10 alfajiri kuwahi mzigo wa mboga Soko Matola anavuka korongo lisilo na taa. Hilo nalo ni suala la usalama wa Forest, kwa sababu hao ndio wanaoiwezesha Forest iwe Forest.

Mtaani kwetu nyumba zimebanana, na mgeni akipita saa 6 usiku, nyumba tatu zinakohoa. Tuna zamu za ulinzi shirikishi, tunachangishana, na kila mzee wa kaya anajulikana. Hayo ni mazuri, na ninayathamini. Lakini nisiyafiche mabaya yake. Mwaka juzi kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, alitoka kutazama mpira usiku akakatisha mtaa wa pili, na walinzi wa zamu wa huko wakampigia ukelele wa mwizi. Walimvunja mkono na taya. Kilichomwokoa ni mama mmoja muuza maandazi ambaye alikuwa akiwasha moto uani, akaitambua sauti yake alipokuwa akilia jina la mama yake, akajitupa juu yake. Kama mama yule angekuwa amelala, tungezika. Kwa hiyo mtaa wenye macho mengi ni salama kwa wale tu ambao macho hayo yanawajua, na wewe utakwenda ugenini, huko hakuna anayewajua wanao. Ukifika, jambo la kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mjiandikishe, kisha watembeze mabinti zako nyumba kwa nyumba wasalimie.

Mkazi wa Uyole (Mbeya)

Nachangia kwa ufupi. Taarifa ile aliyoitaja mzee inaweka uhalifu na ajali za barabarani pamoja, nasi tunasoma nusu yake tu. Hapa kwetu ninayemwogopea mwanangu si mwizi bali ni lori linaloshuka Iwambi au Inyala breki zikiwa zimechemka, na barabara kuu ya Tunduma ambayo watoto wanaivuka Mafiati, Kabwe na Sae kila siku ya shule. Ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, utapunguza msongamano, lakini njia nne ni pana zaidi kuvuka. Mwalimu, ukienda Mbezi Beach, uliza kwanza shule iko upande gani wa Barabara ya Bagamoyo na nyumba iko upande gani. Ukijibiwa kwamba ziko pande mbili tofauti, tafuta nyumba nyingine.

Mwalimu wa Forest Mpya (Mbeya)

Mzee wangu shikamoo, na nyote ninawashukuru, ndaga fijo. Mama wa Ilemi, umenigusa mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Binti anayenisaidia kazi anaishi Isanga, na kwa miaka minne sijawahi kumuuliza anapita njia gani akirudi kwao. Jana nilimuuliza. Anapita kwenye korongo nyuma ya godauni, na huvua viatu ili asisikike. Kuanzia leo anatoka saa 10 jioni.

Mume wangu sasa anaelemea Dodoma. Je, kuna anayeishi Ilazo au Kisasa?

Fundi wa Ilazo (Dodoma)

Nipo, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, fundi wa kuchomelea mageti na grili, na nipo Dodoma tangu mwaka 2017. Kazi yangu inaniingiza katika nyumba za watu siku moja au mbili baada ya kuvunjwa, kwa hiyo nadhani ninaweza kukuambia jambo lenye manufaa.

Mji huu ulipangwa. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya makao makuu, viwanja vilipimwa na mamlaka maalum ya ustawishaji hadi ilipovunjwa mwaka 2017, na ndiyo maana utakuta barabara zimenyooka na viwanja vipana kuliko kule Mbeya ambako tunajenga tukifuata mteremko. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia rasmi, watu wengi waliwahi kununua viwanja, wakajenga hadi usawa wa linta, kisha fedha zikaisha au wakahamishwa. Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Mwizi wa Dodoma hahitaji msitu, ana mapagale. Anaingia katika nyumba isiyo na milango mchana, anakaa humo akitazama nani anatoka na nani anarudi, na usiku anaruka ukuta mmoja tu. Nyumba niliyoitwa kutengeneza mwezi uliopita ilikuwa na ukuta wa kisasa na kamera mbili zilizoelekezwa getini, lakini nyuma yake lilikuwapo pagale, na ndani yake tulikuta maganda ya machungwa, vipande vya sigara na boksi lililokunjuliwa la kulalia. Mtu alikuwa amekaa pale siku nyingi kuliko moja.

Tatizo la pili ni siku za Ijumaa. Watumishi wengi wana familia zao Dar es Salaam, na tangu treni ya umeme ianze kufika hapa mwaka 2024, kwenda na kurudi kumekuwa kwepesi zaidi. Ijumaa jioni unaona mabegi yakitoka, na kuanzia hapo hadi Jumapili usiku kuna barabara ambazo katika nyumba kumi zinawaka taa nyumba tatu. Simu nyingi za kuitwa kurekebisha mlango mimi huzipokea Jumatatu asubuhi.

Sasa umeuliza mtu aangalie nini. Usije Jumatano mchana na dalali, kwa sababu Jumatano mchana kila mtaa ni mzuri. Njoo Ijumaa, ulale, uondoke Jumapili. Tembea kwa miguu saa 1 usiku kutoka kituo cha daladala hadi kwenye nyumba hiyo, na uhesabu mambo mawili tu: taa za nyumba zinazowaka na mapagale. Ukikuta pagale limepakana na ukuta wa nyumba unayoitaka, iache hata kama kodi yake ni nafuu.

Kisha tazama grili, maana grili hazijui kusema uongo. Grili iliyowekwa nyumba ilipojengwa huwa ndani ya fremu na imepakwa rangi moja na madirisha. Ukiona nyumba nyingi za barabara moja zina grili ya pili iliyochomelewa kwa nje, rangi yake ni tofauti na alama za kuchomelea bado zinang'aa, ujue wakazi wa barabara hiyo wamepatwa na jambo hivi karibuni, hata kama dalali anakuapia. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga grili za aina hiyo katika nyumba sita za barabara moja ndani ya wiki mbili. Siitaji barabara hiyo hapa, lakini ukipita utaitambua.

Halafu ingia dukani ununue kitu kidogo na umuulize mwenye duka anafunga saa ngapi. Duka linalofungwa saa 4 usiku linakuambia mtaa una watu wanaotembea. Linalofungwa saa 1 linakuambia kitu kingine. Waulize pia vijana wa bodaboda wako kijiwe hicho tangu lini. Wale waliokaa miaka mingi wanamjua kila mtoto wa shule na kila mgeni, na mzazi mwenye busara hujitambulisha kwao mapema.

Kwa maoni yangu, kati ya Ilazo na Kisasa, kwa familia yenye mabinti wanaotembea kwa miguu, ningetafuta nyumba katika sehemu zile za zamani za Kisasa ambako miti imekwisha kuwa mikubwa na majirani wamezeeka pamoja. Ilazo ina nyumba nzuri zaidi, nami ninaishi huku na ninaipenda, lakini kuna barabara ambazo bado hazina wenyewe.

Mzee wa Gangilonga (Iringa)

Fundi, miaka yote niliyokaa na majedwali sikuwahi kufikiria kuhesabu grili. Mwalimu, mfuate huyu. Ongeza kitu kimoja tu: uliza jina na namba ya simu ya mkaguzi wa polisi wa kata hiyo. Ikiwa wakazi watatu unaokutana nao wanaitaja bila kuitafuta, hiyo ni dalili njema, iandike katika shajara yako.

Mwalimu wa Forest Mpya (Mbeya)

Tumeamua hivi. Alhamisi ya wiki ijayo ninapanda basi la alfajiri Nane Nane pamoja na binti mkubwa, kwa sababu yeye ndiye atakayetembea njia hiyo kila siku na macho yake yataona ambayo yangu hayaoni. Tutalala kwa shemeji yangu hadi Jumapili, na tutatembea Kisasa Ijumaa usiku na Ilazo Jumamosi usiku, tukihesabu taa na mapagale kama Fundi alivyoelekeza.

Huku nyumbani, jirani yetu ameondoa luva zote na kuweka dirisha la alumini lenye grili ya ndani, na nyumba sita za barabara yetu zimekubaliana kuweka taa moja ya sola pale kwenye kona inayoelekea korongoni, upande wanaopita wasaidizi wetu kwenda Isanga. Mama wa Ilemi, mchango wa kwanza umekwisha kusanywa. Fundi, naomba uniandikie kituo tutakachoshuka, na kama utakuwa na nafasi Ijumaa hiyo, tutashukuru sana ukitutembeza.